Nesi Asiye na Vidonge

Pale Rusimbi, mjini Kigoma, tulimwita Nesi, na wengi wetu tulimwita hivyo kwa kejeli kidogo, maana hakuna aliyewahi kumwona na kidonge. Ukimwendea na kichwa kinachouma, alikwambia ukanunue dawa dukani kama watu wengine. Ukimwendea na mtoto mwenye homa, alikuelekeza zahanati, tena kwa ukali, kana kwamba umemkosea adabu. Lakini ukimpelekea mzee anayevua nguo barabarani, au anayekula sabuni, au anayemwita mwanawe mwizi, hapo alifungua mlango na kukuvutia kigoda. "Keti. Niambie, anapenda nini?" Hakuuliza mzee anaumwa nini. Siku ya kwanza nililichukia swali lile. Nilikuwa nimempeleka mama yangu nikiwa nimechoka mpaka kwenye mifupa, na nilitaka mtu aniambie kwamba ugonjwa huu una jina na una dawa.

"Anapenda ugomvi," nikamjibu.

"Vizuri. Tutampatia wa kugombana naye."

Na kweli alimpatia. Mama alikuwa ameuza samaki kule mwaloni Katonga tangu sijazaliwa. Nesi alimkalisha karibu na mzee mmoja aliyekuwa mvuvi, akaweka migebuka mikavu katikati yao, akaenda zake. Wakaanza kupatana bei. Walipatana bei ya samaki walewale kila asubuhi, miezi na miezi, wakatukanana, wakaitana wezi, wakapunguziana, na kesho yake wakaanza upya bila kukumbuka lolote. Mama alirudi nyumbani amechoka uchovu mzuri, akala, akalala. Kabla ya hapo alikuwa halali, na mimi nilikuwa nashona huku namlinda asitoke.

Alikozaliwa Nesi na ukoo wake waulizwe ndugu zake. Mimi namjua kuanzia kwenye mlango wa lile ghala. Nasema ghala kwa sababu ndivyo lilivyokuwa, ghala la mawese la zamani ambalo parokia ilimwazima, na sakafu yake iliendelea kunuka mawese hata baada ya kusuguliwa kwa majivu na sabuni. Lilikuwa na milango miwili, mmoja wa mbele na mmoja wa nyuma, kwa kuwa enzi zile mapipa yaliingilia huku yakatokea kule. Wazee waliletwa asubuhi na kuchukuliwa alasiri. Walikuwamo Waha wa mitaani, watu wa Ujiji kama sisi, Warundi waliokimbia zamani wakaoa na kuolewa hapa, na mara mojamoja mzee aliyeletwa na jamaa zake kutoka kambini kwa namna ambayo hatukuiuliza. Ndiyo miaka yenyewe, malori ya wakimbizi yakipita kila mara, mengine yakileta, mengine yakirudisha.

Asubuhi ilianza kwa salamu, na salamu yenyewe ilikuwa matibabu. Nesi alikuwa Muha, na Waha hawasalimiani mbiombio. Alisimama mbele ya kila mzee, akainama, akapiga yale makofi mepesi ya heshima, "Mwakeye!" kisha akangoja. Alingoja hata kama mzee amelegea anatazama ukuta. Nimeona kwa macho yangu mzee ambaye hajatamka neno siku nyingi akiinua mikono polepole na kuanza kupiga makofi kujibu. Mama yangu hakupigiwa makofi. Yeye alipewa shikamoo ya Ujiji, akaulizwa hali za watu wa nyumbani mmoja baada ya mwingine, wengi wao marehemu, naye akajibu kwamba wote wazima wa afya.

Baada ya salamu ilikuwa kazi. Waliokuwa wakulima walichambua maharage. Waliokuwa na nguvu walitwanga sombe, kisamvu chetu. Mzee aliyekuwa fundi nyavu alipewa wavu uliochanika, na wavu ule ulichanika siku zote kwa kuwa Nesi aliuchana. Siku moja niliwahi kumfuata mama nikamfuma Nesi amechuchumaa peke yake, anarudisha mawe kwenye maharage yaliyokwisha kuchambuliwa.

"Nesi! Unafanya nini?"

"Naandaa dozi ya kesho," akasema, wala hakuona haya.

Aliamini kwamba mikono inakumbuka kazi muda mrefu baada ya kichwa kuacha, na kwamba mtu akinyang'anywa kazi ndipo anapoanza kufa. Sisi tuliokuwa na wazee nyumbani tulifanya kinyume. Tuliwaambia kaa hapo, usiguse, utaungua, tulia. Nesi alitusema kwa hilo mbele za watu bila aibu. Mwanamume mmoja mwenye duka alimleta baba yake amefungwa mkono kwa kamba ya katani ili asipotee njiani, na Nesi aliifungua ile kamba, akamfunga nayo yule mwenye duka kwenye kiwiko, akamwambia, "Nenda nayo hivyo hivyo mpaka dukani kwako, wateja wakuone." Yule bwana alikasirika, na wiki ile hakumleta mzee. Baadaye alimleta, akiwa amemshika mkono.

Hapo ndipo ulipokuwa utata wake. Kwa wazee alikuwa laini, kwa watoto wao alikuwa pilipili. Alisema mtu asibishiwe, naye alibishana na kila kiumbe mwenye akili timamu, kuanzia muuza mkaa mpaka paroko. Aliwahimiza wazee kula kidogo kidogo na kwa utulivu, na yeye alikula amesimama, kwa haraka, chai yake ikiwa na sukari ya kumtosha mtoto wa sikukuu. Alipenda umbea, na umbea wake ulikuwa na faida, kwa sababu alikumbuka nani alimwoa nani na nani alimwacha nani, akayatumia hayo kuwachekesha wazee. Gauni lake jeupe la kazi alilivaa siku za misiba ya wazee wake tu. Siku nyingine alivaa kitenge na raba za kiume.

Mwanzoni alikosea pia, na kosa lenyewe ni la hapa kwetu. Siku za kwanza aliwapanga wazee mstari kuchukua uji, kila mmoja na bakuli lake, kwa kuwa hospitalini alikofanya kazi ndivyo ilivyokuwa. Wazee waliowahi kukaa kambini walipouona ule mstari walibadilika. Mmoja alilikumbatia bakuli, akaanza kusukuma watu, na bibi mwingine alilia kwamba jina lake limerukwa, ingawa hakuna aliyekuwa anaita majina. Nesi aliuvunja mstari palepale. Kuanzia siku ile uji ulipelekwa kwa kila mtu alipoketi, na mtu yeyote aliyethubutu kusema neno "foleni" ndani ya ghala alitolewa nje.

Nasimulia haya ili ijulikane kwamba alikuwa mtu wa kuona kosa lake na kulirekebisha mara moja. Ndiyo maana lile jingine linaniuma mpaka leo.

Alikuwa na sheria moja iliyozizidi zote, usimbishie mzee. Mzee akisema leo ni sikukuu, ni sikukuu. Akimuulizia mkewe aliyekufa, muulize alikuwa anapika nini. Mama yangu alianza kuniita dada. Aliniona mimi ni dada yake mkubwa, marehemu, na akanisihi nisimwambie baba kwamba amevunja mtungi. Mara ya kwanza nilimwambia, "Mama, mimi ni mwanao." Aliniangalia kwa hofu, akasogea mbali, akalia kama mtoto aliyepotea sokoni. Nesi akanivuta pembeni.

"Fundi," akasema, maana mimi ni fundi cherehani, "unamrekebisha ili apone au ili wewe ufurahi?"

"Lakini ni uongo, Nesi."

"Ni uongo. Rudi kamwambie baba hajui kuhusu mtungi."

Nilirudi nikamwambia. Mama alinishika mkono akacheka, na mimi nilitoka nje nikalia, kwa kuwa nilikuwa nimempa mama yangu furaha na kwa bei hiyo nikaacha kuwa mtoto wake. Paroko naye alilipinga jambo hilo. Alimwambia Nesi kuwa kudanganya ni dhambi hata ukimdanganya mgonjwa. Nesi akamjibu kwamba basi kila Jumamosi atakuja kuungama, ila ataungama kwa jumla, asitarajie apewe orodha. Mimi Mwislamu, nilicheka sana niliposimuliwa.

Sasa nifike kwa Bibi Spesiyoza.

Bibi Spesiyoza alikuwa Mrundi, alikuja miaka mingi kabla, akiwa mama kijana, na mtoto mgongoni. Yule mtoto alikua, akaoa msichana wa hapa aitwaye Joselina, kisha akazama ziwani na mtumbwi wa dagaa. Bibi akabaki na mkwewe na wajukuu katika chumba cha kupanga. Alikuwa mdogo wa umbo, mkimya, mwenye kupenda kukunja nguo. Asubuhi yote alikunja khanga zilezile, akazipanga, Nesi akazikunjua, akazikunja tena. Hakumsumbua mtu.

Lakini jua lilipoinama upande wa ziwa, Bibi alibadilika. Waliokaa na wazee wa namna hii wanaijua saa hiyo. Alisimama, akafunga kijifurushi chake, akaenda mlangoni. "Ndashaka gutaha," alisema kwa Kirundi chake. Nataka kwenda nyumbani. Ukimwambia hapa ndipo nyumbani, au ngoja Joselina anakuja, alianza kutetemeka na kugonga mlango kwa viganja. Nesi hakumwambia hivyo. Alimshika mkono, akamjibu, "Ego, Bibi. Turataha." Ndiyo, twende nyumbani. Wakatoka mlango wa mbele, wakapita kisimani, wakazunguka ghala lote polepole, Nesi akimuulizia habari za mashamba na mvua, kisha wakaingia kwa mlango wa nyuma. "Tumefika," alisema Nesi. Bibi alishusha furushi, akashusha pumzi, akaketi. Joselina alipokuja kumchukua alimkuta ametulia. Ilikuwa hivyo kila siku, na sijaona dawa iliyofanya kazi vizuri kuliko ule mzunguko.

Neno lile, gutaha, ni la kila siku. Mkulima anayetoka shambani jioni anasema anataha. Mtoto anayetoka shule anataha. Lakini miaka ile lilikuwa limepata uzito mwingine. Kambini kutaha kulimaanisha jambo moja tu, kupanda lori na kurudi Burundi moja kwa moja.

Mwaka huo walipita watu wa kuandikisha wakimbizi wa zamani waliokaa mitaani. Walisema hakuna anayelazimishwa. Anayetaka kubaki aseme, atafuatiliwa taratibu zake. Anayetaka kurudi kwao aseme, atasafirishwa. Kwa hiari, walisema, na neno hiari walilirudia sana. Bwana aliyekuja mtaani kwetu hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amefanya kazi kambini, akaokota Kirundi cha huko, maneno machache, na alijivunia kuyatumia. Alipita chumbani kwa Joselina akaambiwa bibi yuko kwa Nesi. Akaja ghalani. Alikuja alasiri, saa ile ya jua kuinama.

Mimi nilikuwepo, nimemfuata mama. Bibi Spesiyoza alikuwa amekwisha kufunga furushi lake, amesimama mlangoni, na Nesi amemshika mkono. Bwana yule akamsalimia kwa heshima zote, akamuuliza kwa Kirundi chake cha kuokota kama anataka kubaki au anataka kutaha.

"Ndashaka gutaha," Bibi akasema.

"Lini, Bibi?"

"Ubu nyene." Sasa hivi.

Bwana alitabasamu, akamgeukia Nesi. "Wewe ndiye mlezi? Ni kweli anataka kurudi?"

Nilimwona Nesi akifungua mdomo. Nilimwona akimtazama bwana, halafu akimtazama Bibi ambaye alikuwa ameanza kutetemeka, viganja vyake vikiutafuta mlango. Najua alichokuwa anafikiri, kwa sababu aliniambia baadaye. Alifikiri, nikisema hapana mbele yake atachanganyikiwa na jioni yote itaharibika. Nimtulize kwanza, huyu bwana nitamweleza nje. Ilikuwa kazi ya kila siku. Midomo yake ilikwisha kuzoea.

"Ego, Bibi," akasema. "Turataha."

Wakatoka wakazunguka ghala. Waliporudi kwa mlango wa nyuma bwana alikuwa amekwenda zake. Nesi alitoka mbio na raba zake, akamfuata mpaka njia panda, akamkosa. Alirudi anahema. "Kesho nitamweleza," akasema, na wala hakuwa na wasiwasi. Mimi ndiye niliyekuwa na wasiwasi, ila nilidhani ni tabia yangu.

Kesho yake alikwenda. Alimweleza yule bwana kwamba bibi ni mgonjwa wa kusahau, kwamba neno lile analisema kila siku, kwamba hata akiwa kitandani kwake analisema. Bwana alimsikiliza, akamwambia, "Mama, nilikuuliza wewe ukiwa na akili zako, ukathibitisha. Tena ulisema mnakwenda wote. Nikibadilisha kwa maneno ya mtu mwingine watasema nimewazuia watu kurudi kwao." Lakini alimpa nafasi. Amlete bibi ofisini, aseme mwenyewe kwamba anabaki.

Tulikwenda watatu, asubuhi, maana asubuhi Bibi alikuwa na nafuu. Nesi alimfundisha njiani, "Bibi, utasema nabaki kwa Joselina." Bibi aliitikia vizuri kabisa. Tulipofika kulikuwa na watu wengi kwenye mabenchi, mlango wa chuma, na askari. Bibi hakuwahi kupaona pale. Tukaitwa. Bwana akamuuliza kwa upole, na akaongeza kumuuliza kwa Kiswahili.

Bibi aliangalia kuta, akaangalia mlango. Mtu yeyote aliyepelekwa mahali asipopajua angetaka jambo moja tu.

"Ndashaka gutaha," akasema.

Hapo Nesi alivunja sheria yake mwenyewe. Mbele ya macho yangu, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, alimbishia mzee. "Hapana, Bibi! Huendi! Sema unabaki! Sema!" Sauti ilikuwa kubwa, nadhani haikuwa ya hasira, ilikuwa ya hofu, lakini Bibi angejuaje? Mtu aliyemzungusha kwa upole kila siku alikuwa anamfokea. Alijikunja, akalia, akamkimbilia karani wa kike aliyekuwa mezani, akamshika gauni. Bwana akasimama.

"Umeona, mama? Ninyi ndio mnaomlazimisha abaki."

Tulirudi mtaani. Tumaini lililobaki lilikuwa Joselina, kwa kuwa yeye ni raia na ni mkwe, angeweza kwenda kupiga kelele. Nesi alimkuta anafua. Nilikuwa nimesimama uani nikasikia kila neno.

"Twende kesho, wewe utaniunga mkono," Nesi akasema.

Joselina hakuacha kufua. "Amesema mwenyewe, Nesi. Kwa nini nimzuie?"

"Unajua kwamba hajui anachosema."

"Najua. Na mimi najua ninachosema. Nimemwogesha, nimemlisha, nimemtafuta hadi mtoni na mimba tumboni. Mwanawe amekufa, mimi nipo. Huko ana ukoo wake, nao wamwogeshe." Kisha akalia, akiwa bado ameshika nguo. "Usinitazame hivyo, Nesi. Wewe unakaa naye mchana, alasiri unamrudisha."

Nesi aliyezoea kuwasema watoto wa wazee akageuka akatoka uani. Nilimchukia Joselina siku ile. Sasa simchukii, ingawa sijafika mahali pa kumsamehe.

Siku ya lori ilifika. Nesi alipanda naye. Hakuruhusiwa, lakini alipanda, na askari walimwacha kwa kuwa Bibi alikuwa ametulia akiwa naye. Bibi alikalia furushi lake, uso umechangamka, anasalimia watu wa barabarani Mwandiga yote. Mpakani upande wa Manyovu walimshusha Nesi. Bibi akamuuliza mbona hatahi. Nesi akamwambia, nakuja nyuma yako, tangulia.

Huo ukoo uliosemwa ulikuwa haupo. Wanawake wanaopita mpakani na maharage ndio waliotuletea habari, kipande kimoja kimoja. Kwenye kilima alichokitaja Bibi walikuwa wanaishi watu wengine, tena wema, wakampa chumba. Jua likiinama alifunga furushi akatoka. Walimrudisha mara nyingi. Hawakujua la kumjibu, wakamwambia ukweli, kwamba hapa ndipo kwenu, Bibi, umeshafika. Msimu wa mvua alitoka hawakumwona. Walimkuta siku ya pili kwenye mfereji kando ya barabara. Kuna waliosema alikuwa amelala ameelekea huku kwetu, na mimi nasema maiti mferejini inaelekea popote maji yalipoisukuma.

Nesi alizipokea habari hizo akiwa anachambua maharage na wazee. Alimaliza. Mwezi uliofuata alifunga ghala. Hakusema kwaheri kwa maana ya kwaheri. Aliwaambia tu wenye wazee wasiwalete tena, na paroko alikuja kumsihi na sisi tukaja kumsihi, akatusikiliza kwa adabu, jambo ambalo halikuwa kawaida yake. Nilikasirika. Nasema wazi kwamba nilikasirika. Alikuwa ameumia kwa ajili ya mmoja, akatuachia wengine wote. Mama yangu alirudi chumbani kwangu, karibu na cherehani. Nilimtafutia migebuka mikavu, nikajaribu kupatana naye bei, lakini mimi si mvuvi na matusi yangu hayakutosha. Alianza tena kutolala. Alififia, akaacha kuniita dada, akaacha kuniita chochote. Tulimzika Ujiji. Nesi alikuja msibani na gauni lake jeupe, akasimama nyuma na wanawake wa Kikristo, akaondoka kabla sijamfikia.

Kisha ikapita miaka sikumwona. Nilisikia yuko Mwandiga kwa binti wa dada yake. Nilisikia kwamba hali chakula vizuri. Siku moja nilipeleka sare za shule huko, nikaamua kupita.

Nilimkuta uani, amekaa kwenye mkeka, amekonda sana, macho yakiwa makali yale yale. Nilimpa shikamoo, akaipokea, akaniuliza cherehani bado ni ile ya kukanyaga. Akili yake ilikuwa nzima kuliko yangu. Binti mwenye nyumba alileta sahani ya ugali wa muhogo na migebuka ya mawese, akaiweka, akaninong'oneza kwamba nimshawishi ale, na akizungumzia yule bibi nimgeuze, nimtoe kwenye hilo. "Sisi tunamwambia tu si kosa lako, ni mipango ya Mungu. Halafu tunaleta stori nyingine."

Alipoondoka Nesi akacheka kidogo. "Umemsikia?"

"Nimemsikia."

"Wote wananifanyia hivyo. Paroko, majirani, huyu mtoto. Nikisema nilimpakia yule mama kwenye lori kwa mdomo wangu, wananiambia sawa, sawa, pole, na wewe ule kidogo. Wananikubalia tu, Fundi. Wananizungusha." Alinitazama. "Wewe ulikuwepo. Umesimama pale na mama yako. Nilikosea?"

Nilikuwa na jibu la upole tayari mdomoni. Mtu amekonda hivi, amekaa chini, anangoja. Ni nani asingelitoa? Lakini niliangalia yale macho.

"Ulikosea," nikasema. "Yule bwana alikuuliza swali wewe, ukamjibu Bibi. Ungesema hapana, Bibi angelia jioni ile na kesho angekuwa kwa Joselina. Ulikosea, Nesi, na mimi niliona."

Machozi yalimtoka bila sauti, akayaacha yatiririke, na mimi sikumwambia pole wala nyamaza. Tulikaa hivyo mpaka kuku wa jirani wakaanza kukizunguka chakula. Kisha Nesi akawafukuza kwa mkono, akajivutia sahani, akamega ugali.